Mayai ya Buabua

Kusi ikivuma, buabua hukusanyika kutaga katika visiwa vidogo vya mawe vya Kiunga, kaskazini ya Lamu. Miongoni mwao yumo buabua ambaye, msimu wa kutaga, kifua chake huingia wekundu hafifu wa waridi. Ni ndege adimu. Katika Kenya hutaga kwenye visiwa vichache tu vya pwani. Hajengi kiota mtini. Huweka yai moja au mawili chini, juani.

Ujanani mwetu tulikwenda huko kwa mashua, tukajaza vikapu mayai. Tulisema bahari haina mwenyewe. Ndege walizunguka vichwani mwetu wakilia, nasi tukicheka.

Miaka ikapita, tukasomesha darsani hadithi ya Ibn Mas'ud iliyomo katika Sunan Abi Dawud: masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika, na Mtume (s.a.w.) akaamuru arudishiwe wanawe. Tulishindwa kuendelea na darsa. Tulikumbuka vikapu vyetu.

Tangu 1979 visiwa hivyo vimo katika hifadhi ya bahari. Lakini askari hayuko jikoni mwetu. Enyi kina mama, kijana akileta mayai hayo, msiyapokee. Mwambieni pia kuwa kushuka tu kisiwani humwinua mama, na jua huliua yai lililoachwa wazi.

Sisi hatukuweza kuyarudisha. Wanetu wanaweza kutoyachukua. Mwenyezi Mungu atusamehe.