Masikio Yanayozima Saa Sita ya Mchana



Mwezi huu nataka kusema juu ya moto wa aparei za masikio. Najua wengine watauliza: Pasta, katika shida zote tulizo nazo, vita, wakimbizi, barabara mbovu, wewe unatuletea habari za aparei? Ndiyo. Kwa sababu hapa Kasugho nimeona mtu amepewa masikio bure kutoka Ulaya, na bado akabaki kiziwi, kwa kukosa tu mahali pa kuyachaji. Na katika vijiji vya machimbo wasiosikia vizuri ni wengi kuliko tunavyofikiri. Wanajificha. Mtu asiyesikia anajifunza kutikisa kichwa, na kucheka wakati wengine wanacheka.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 1,500 duniani wamepungukiwa kusikia kwa kiasi fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji msaada. Sababu zake tunazo hapa nyumbani: usaha wa masikio ambao haukutunzwa, surua, meninjiti, dawa kali kama jentamisini. Halafu makelele. Ninyi wachimbaji mnajua: motopompi, nyundo juu ya jiwe, mashine za kusaga mawe, baruti. Ndani kabisa mwa sikio mna seli zenye vinywele vidogo sana ambavyo vinapokea sauti. Vikifa haviwezi kuota tena, na hakuna dawa ya kuvirudisha. Ukitoka shimoni na masikio yanalia kama nyenje usiku kucha, ujue yameumizwa. Aparei haiponyi sikio. Inakuza sauti tu, ili kile kilichobaki kiweze kuisikia.

Mzee mmoja wa kanisa letu alitafuta zahabu zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudi kwenye shamba lake. Alirudi na zahabu kidogo na masikio mabaya. Mwaka 2021, jioni moja, alipita kwenye bariyeri na mwanajeshi akamwita asimame. Yeye akaendelea kutembea polepole na jembe begani. Mwanajeshi akaita mara ya pili, na bunduki ikashuka kutoka begani. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi karibu pale ndiye aliyekimbia na kumshika mkono, akipiga kelele, "Hasikie, huyu mzee hasikie!" Basi mtu akiniambia kwamba aparei ni mambo ya anasa, namkumbuka yule mama wa ndizi.

Mwaka uliofuata mtoto wake anayekaa Ubelgiji akamtumia aparei mbili za kuchaji. Mzee alifurahi sana. Aliniambia kwamba mvua ina kelele kuliko alivyokumbuka, na kwamba sauti ya mke wake imezeeka. (Mama hakupenda maneno hayo.)

Furaha ile haikufika wiki mbili. Aparei za namna hii zina betri ya lithiamu iliyofungwa ndani. Huwezi kuitoa na kuweka nyingine. Unaziweka ndani ya kisanduku chao, zinakula moto saa tatu au nne, na zikiwa mpya zinaweza kufanya kazi mchana kutwa, hata saa 24. Huko Ulaya mtu anachomeka kisanduku ukutani akienda kulala, na hafikirii tena. Nyumba ya mzee wetu ina ukuta wa udongo, na ukutani mna kalenda ya kanisa tu.

Kwa hiyo kila jioni mjukuu alipeleka kisanduku senta, kwa kijana anayechaji simu. Grupu yake inawashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa tatu usiku. Franka 500 kila mara, sawasawa na simu. Hesabu mwenyewe kwa mwezi, kwa mtu anayelima maharagwe. Na pamoja na kulipa hivyo, ilipofika saa sita ya mchana aparei ziliimba kidogo ndani ya masikio, ti-ti-ti, kisha kimya. Mzee akaniambia, "Pasta, hii vitu iko inaniaga kila siku."

Watu walisema mengi. Wengine walisema mtoto alituma vitu vibovu. Wengine walisema kijana wa senta anaiba moto, jambo ambalo hata sasa sijui lingefanyika namna gani. Aliyegundua ni mjukuu wenyewe, msichana wa sekondari, kwa kusoma kijitabu cha Kifaransa kilichokuja na kisanduku, kile chenye maandishi madogo ambacho sisi sote tulikiacha. Aparei zile zinalala wakati kisanduku kina umeme. Umeme ukikatika, zinafikiri zimetolewa, zinaamka zenyewe. Basi kila usiku saa tatu, grupu ilipozimwa, aparei ziliamka ndani ya kisanduku na kusikiliza giza mpaka asubuhi. Mzee alikuwa anavaa mabaki. Tangu siku ile, grupu ikizimwa tu, msichana alizitoa na kuzizima kwa kubonyeza kifungo kwa muda. Zikaanza kufika saa kumi jioni, na siku nyingine mpaka sala ya usiku.

Ndugu wengine wananiambia afadhali aparei za zamani, zile za pili ndogo. Nami nazipenda kwa jambo moja: hazihitaji grupu. Lakini zina mateso yake. Pili zile zina kijitundu kilichozibwa na karatasi ya gundi. Ukiitoa, hewa inaingia na pili inaanza kazi, na hata ukirudisha karatasi haisimami. Kadiri ya ukubwa wake inaishi siku chache, au kama wiki mbili. Karatasi ya njano ni namba 10, ya kahawia ni 312, ya chungwa ni 13, ya buluu ni 675. Niliwahi kuzitafuta Butembo, farmasi moja baada ya nyingine, wakanionyesha pili za saa. Kwa macho zinafanana, lakini si kitu kimoja, haziwezi kazi hiyo. Na wazazi, tafadhali: pili ya namna yoyote iliyo kama kifungo, mtoto akiimeza inaweza kuchoma koo lake ndani ya saa chache. Usingoje aitoe chooni. Kimbia naye hospitali saa ileile.

Botswana, katika mji mdogo wa Otse, tangu miaka ya 2000 kuna watu waliotengeneza sharjeri ya jua kwa ajili ya pili za aparei zinazochajiwa upya, na wengi wa mafundi wenyewe walikuwa viziwi. Pili hizo zinadumu miaka miwili au mitatu. Jua lipo hata huku kwetu, ukungu ukipenda.

Sasa nifike kwenye jambo lililotia moto kamati yetu. Kanisa lina pano mbili na batri kubwa, kwa ajili ya sono na piano ya korali. Niliomba kisanduku cha mzee kichomekwe pale usiku. Wengi walikataa. Walisema batri ni ya kazi ya Mungu, na wakianza na mmoja, kesho kijiji kizima kitaleta simu. Kijana mmoja wa korali, tena anayesoma Biblia vizuri, akatuletea habari ya wanawali kumi wa Matayo 25: wenye akili hawakugawa mafuta yao. Watu wakacheka, na nilikubali kwamba amenibana. Lakini nikamwuliza: huyu mzee alisahau mafuta, au hakuna duka linalouza mafuta? Nikawaomba wasome Walawi 19:14 wenyewe, kwa sauti. Fundi wa sono akamaliza neno: kisanduku kinatumia umeme wa volti 5 kama simu, na taa moja ya kanisa inakula kuliko hicho. Tukapiga kura. Tulishinda kwa kura mbili tu. Wale waliokataa si watu wabaya. Batri ile waliichangia kwa kuuza kuku.

Mpango huo ulikwenda vizuri mpaka mvua nyingi. Batri ikachoka, na siku moja ya Mungu sono ikakatika katikati ya wimbo. Macho yote yakamgeukia mzee, ambaye siku hiyo alisikia vizuri kabisa wimbo ulivyokatika. Kesho yake akamwandikia mtoto wake. Zikaja pano ndogo ya nyumbani na betri ya mfukoni, ile ya kuchajia simu. Pano inakaa juu ya mabati, lakini betri na kisanduku vinakaa ndani ya nyumba, kwa kuwa lithiamu inaharibika kwa joto. Jioni mjukuu anapangusa midomo ya chuma ya aparei kwa kitambaa kikavu, maana jasho na nta ya sikio vinazuia umeme kupita. Grupu ya senta hawaihitaji tena.

Ninyi mlio na watoto au ndugu ng'ambo wanaotaka kutuma aparei, waambieni kwanza mahali mnapolala pana umeme gani. Waulize kama kisanduku kinakubali waya wa simu, na kama chenyewe kina betri ndani, kwa sababu viko vinavyoweza kuchaji mara kadhaa bila kuchomekwa popote. Na kabla ya yote sikio lipimwe, kwa sababu kwa yule asiyesikia hata kidogo aparei haitasaidia. Huyo anahitaji lugha ya ishara na shule, kama zile alizozianzisha Andrew Foster, mhubiri Mwamerika mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, katika nchi nyingi za Afrika, na nchi yetu pia, kabla ya kufa katika ajali ya ndege huko Rwanda mwaka 1987.

Aparei za mzee wetu zimepita miaka mitatu. Betri za namna hiyo kwa kawaida zinachoka kati ya miaka minne na mitano, na ya kushoto imekwisha kuanza: inazima kabla ya saa tisa. Mtoto ameandika kwamba atatafuta mtu wa kuipeleka kutengenezwa na kuirudisha. Kwa sasa mzee anakaa benchi la kwanza, upande wa kushoto, ili sikio la kulia lielekee mimbara.