Kiangazi Changu Detroit, Mji Uliopimwa Ukahamwa

Dar es Salaam mpangamiji hufika watu wakishajenga. Anakwenda Goba au Chamazi na ramani na GPS yake, anakuta nyumba imekalia barabara, choo kimekalia njia ya maji, na mwenye eneo anamtolea karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa na sahihi za mashahidi. Miaka yangu yote ya Chuo Kikuu Ardhi niliamini mji una ugonjwa mmoja tu, nao ni watu kuiwahi ramani. Nilipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, nilikwenda nikitafuta dawa ya ugonjwa huo. Kiangazi cha kwanza wakanipeleka fildi Detroit, mji ambao ramani imebaki na watu wameondoka.

Kabla ya fildi kulikuwa na darasa, nalo lilikuwa na ugeni wake. Ann Arbor ni mji wa chuo, una miti mingi na watu wanaotembea haraka bila kusalimiana. Profesa tulimwita kwa jina lake la kwanza, jambo lililonikwama kooni muhula mzima. Wenzangu walimpinga waziwazi huku wakitafuna karanga, naye akafurahi. Mimi niliyezoea kuandika notisi na kuzirudisha kwenye mtihani zilivyo, nilikaa kimya nikizisubiri notisi ambazo hazikuja. Zilikuja makala za kusoma, rundo juu ya rundo. Iliyonishika ni ya Sherry Arnstein, ya mwaka 1969, inayopanga ushirikishwaji wa wananchi katika ngazi ya vidato vinane: chini kabisa wananchi wanachezewa shere, juu kabisa wanashika uamuzi wenyewe. Nikaikumbuka mikutano ya mtaa kwetu: karatasi ya mahudhurio inazunguka, mtaalamu anaeleza mchoro, watu wanapiga makofi, picha inapigwa kwa ajili ya ripoti. Nikajiuliza sisi tuko kidato cha ngapi.

Juni tukahamia Detroit, mwendo wa kama saa moja kwa basi. Kitu cha kwanza kunichanganya kilikuwa jua. Saa tatu usiku lilikuwa bado halijazama, na tumbo langu, lililozoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu, likakataa katakata kukubali kwamba wakati wa chakula cha usiku umefika.

Katikati ya mji palinidanganya. Kuna maghorofa ya zamani yenye nakshi mpaka juu, na tramu inayopita barabara ya Woodward. Kuna stesheni ya reli ya Michigan Central, iliyofunguliwa mwaka 1913, ikaagana na treni ya mwisho mwaka 1988, ikakaa gofu miaka thelathini mpaka kampuni ya Ford ilipoinunua mwaka 2018 na kuifungua upya Juni 2024. Nilisimama ndani nikiangalia dari la maelfu ya vigae mpaka shingo ikauma. Nikawauliza wenzangu: huu ndio mji mnaousikitikia?

Kesho yake tukapanda basi la mji kuelekea upande wa mashariki, kupitia barabara ya Gratiot. Tuliposhuka na kukata kona ya pili, nikakaa kimya.

Mimi ni mtoto wa Korogwe, na kilichonijia kichwani ni shamba la mkonge lililoachwa: mistari bado imenyooka, njia za ndani bado zina namba, ila vichaka vimepanda na kambi za wafanyakazi hazina mtu. Hapo pia kila kitu kilikuwa kimenyooka. Njia za waenda kwa miguu zilikuwepo pande zote mbili, mabomba ya zimamoto yalisimama kwenye kona, mifuniko ya majitaka ilikuwa mahali pake. Kati ya nyumba moja na nyingine vilikuwepo viwanja vitano, sita, saba vya nyasi zinazofika magotini. Ndege mkubwa wa jamii ya kwale, mwenye mkia mrefu, akaruka kutoka kwenye nyasi akavuka barabara bila kutujali. Gari hata moja halikupita. Kwetu hata makaburini huwezi kupata ukimya wa aina hiyo mchana.

Mkonge wetu uliangushwa na nyuzi za plastiki. Detroit nayo ilitegemea zao moja, yaani magari. Viwanda vilipoanza kuhamia nje ya mji na majimbo mengine, barabara kuu na mikopo ya nyumba iliyopendelea Wazungu vikawachukua wakazi kwenda viunga vya nje. Machafuko ya mwaka 1967 yakaongeza kasi. Mwaka 1950 mji ulikuwa na zaidi ya watu milioni 1.8. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta takriban 639,000. Lakini eneo ni lilelile, kilomita za mraba kama 360, mabomba ni yaleyale, na walipaji wamebaki theluthi. Julai 2013 mji ukajitangaza mufilisi, ukiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18. Wakati huo karibu nusu ya taa za barabarani zilikuwa haziwaki. Zimerudishwa baadaye, taa kama 65,000 za LED, kazi iliyokamilika mwaka 2016.

Kazi yetu ilikuwa kutembea kiwanja kwa kiwanja na kishikwambi mkononi, kujaza kama pana jengo au hapana, lina hali gani, lina mtu au halina. Haikuwa kazi mpya: majira ya baridi ya 2013 na 2014 timu za wapimaji zilizunguka mji mzima na kukagua viwanja zaidi ya 370,000. Sisi tulikuwa tunahuisha kipande kidogo tu.

Kujua kama nyumba ina mtu kunataka jicho. Pazia peke yake si ushahidi. Unaangalia sanduku la barua kama limefurika vipeperushi, mita ya umeme ukutani kama inasoma, kiti cha kibarazani kama kina vumbi. Mara kadhaa tuliandika "ina mtu" kwa sababu nyasi zimekatwa na gari limeegeshwa pembeni, kisha jirani akatucheka: nyasi anakata yeye, gari ni lake. Analiegesha hapo makusudi ili wezi wa mabomba ya shaba wadhani mwenyewe yupo, maana nyumba ikishang'olewa mabomba, maji ya baridi na ukungu huimaliza upesi. Huo ni ulinzi shirikishi usio na kitambulisho wala filimbi.

Kwenye kibaraza kimoja alikaa mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, na jagi la chai ya barafu. Adabu za kwetu hazikuniruhusu kumtaja jina kavu, nikamwita Mama. Akacheka. "Ukiniita Mama, mwanangu, ujue mashine ya kukatia nyasi iko nyuma ya nyumba." Kisha akakitazama kishikwambi. "Mmekuja kutuhesabu tena? Chuo kilituletea wanafunzi, manispaa ikatuletea watu wake. Hakuna aliyewahi kurudi kuniambia jumla ilikuwa ngapi."

Akatuonyesha viwanja viwili vilivyopakana na nyumba yake. Nyumba zilizokuwepo zilibomolewa, ardhi ikaangukia mamlaka ya mji inayohodhi viwanja vilivyoachwa, Detroit Land Bank, ambayo wakati fulani ilikuwa na karibu viwanja laki moja mikononi mwake. Mwenye nyumba anayepakana na kiwanja cha namna hiyo anaweza kukinunua kwa dola 100. Nilimwomba arudie bei. Dola 100 ni kama laki mbili na nusu za kwetu, na kwa fedha hiyo dalali wa viwanja Goba atakuonyesha kiwanja kwa mbali tu. Mama alikuwa na hati zake mbili ndani ya bahasha, kodi analipa, na juu ya ardhi ile amepanda nyanya, maharage na mistari minne ya mboga pana za kijani. Nikainama. Sukuma wiki! Kilomita zote hizo, na mboga ni ileile. Tofauti ni kwamba yeye huichemsha saa nzima na nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi, muda ambao mama yangu angeuita uharibifu.

Nilipofika kwenye fomu, kulikuwa na nafasi ya kujaza "jengo: hakuna", na chini yake "kiwanja kitupu". Bustani ya Mama na kiwanja cha jirani kilichojaa matairi vingeonekana kwenye ramani yetu kwa rangi moja.

Baadaye tulipelekwa kaskazini, karibu na barabara ya 8 Mile, kuona ukuta. Ni wa zege, unakaribia kimo cha mtu mrefu, na una urefu wa karibu nusu maili nyuma ya nyumba za watu. Mwaka 1941 mwekezaji alitaka kujenga nyumba za Wazungu pembeni ya mtaa wa weusi. Shirika la serikali kuu lililodhamini mikopo halikukubali mpaka pawe na kitu cha kuwatenga. Akajenga ukuta, mikopo ikatoka. Leo pande zote mbili wanakaa weusi, na kipande kando ya uwanja wa watoto kimechorwa picha za rangi. Wenzangu Wamarekani waliona aibu. Mimi nilipafikiria Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, nilipokuwa nikipita kila siku bila kuwaza kwamba wakoloni walipaacha wazi ili Kariakoo ya Waafrika isigusane na Uhindini. Wao walitumia zege, kwetu wakatumia nyasi, na kote mstari ulichorwa na watu wa taaluma yangu.

Mkutano wa wakazi ulifanyika kwenye chumba cha chini ya kanisa, pakinukia kahawa. Wazee walikumbuka mpango wa Detroit Future City wa mwaka 2013, uliopendekeza baadhi ya maeneo yaliyohamwa zaidi yageuzwe mashamba, misitu na mabwawa ya maji ya mvua. Kitaalamu ni mawazo mazuri. Lakini mzee mmoja alieleza ilivyo kuikuta nyumba yako unayoilipia kodi ikiwa ndani ya rangi ya kijani kwenye karatasi ya mtu mwingine. Aliyebaki miaka yote hiyo akikata nyasi za majirani walioondoka, alisema, anastahili kuulizwa kwanza.

Tukaongeza safu kwenye fomu: nani anapatunza? Ilitulazimu kurudi mitaa tuliyokwisha kuimaliza, na msimamizi wetu alilalamika kidogo kuhusu muda. Majibu yalipotoka tulichapisha ramani kubwa tukaibandika kanisani, pamoja na jumla. Mama alikuja na kalamu nyekundu akasahihisha sehemu tatu.

Dar es Salaam ilihesabiwa watu milioni 5.38 mwaka 2022, na hatari ya kuhamwa haipo karibu. Bado Detroit imenivunjia imani moja: kwamba ukishapima na kupanda bikoni, mji umeshapatikana. Detroit ilipimwa yote. Kilichowaondoa watu ni kazi, mikopo na ubaguzi. Kinachowabakiza waliobaki ni majirani na ardhi wanayoruhusiwa kuiita yao. Tasnifu yangu nitaifanyia Kivule, Dar es Salaam, kwenye urasimishaji wa makazi. Kabla ya kuuliza mipaka, dodoso langu litauliza nani alichimba mtaro na nani anaufagia, na nimetenga fungu la kurudi kusoma jumla mbele ya mkutano wa mtaa. Kalamu nyekundu nitakwenda nazo za kutosha.