Tukuyu: Dawa ipi, mafuta yapi?

Ukitoka Mbeya mjini na kukata kulia pale Uyole, barabara inaanza kupanda na hewa inageuka. Ukifika Isongole umeshafunga koti, na kwenye vibanda vya kando ya barabara viazi mviringo vimepangwa ndooni mpaka vimefanya kichuguu. Mbele kuna Kiwira, halafu Tukuyu yenyewe, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg. Mvua ya huku ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mwenyeji akikwambia leo hainyeshi, chukua mwavuli.

Wageni wengi huja kutazama Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Mimi, pamoja na hayo, napenda kukaa kwenye benchi la duka na kusikiliza watu wanavyoagiza vitu. Tukuyu ni mahali pazuri kwa kazi hiyo, kwa sababu duka moja linamhudumia mkulima wa chai, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwanafunzi, dereva wa lori la kwenda Malawi na mgeni aliyeshuka kwenye basi na viatu vyeupe.

Siku moja mgeni wa namna hiyo, lafudhi yake ya Dar es Salaam kabisa, aliingia akasema, "Mama shikamoo, naomba Doom." Mama mwenye duka akaitikia marahaba, akamuuliza, "La lita tano au la ishirini?" Kijana akaduwaa. "Lita ishirini? Kwani mbu wa huku wana ukubwa gani?" Mama naye akashangaa mbu wameingiaje kwenye habari ya dumu la maji. Benchi zima lilicheka, na kijana akacheka kuliko wote.

Tazama lilivyo neno hilo. Kwa Kiingereza *doom* ni maangamizi, ndiyo maana kampuni ikalipachika kwenye kopo la kuua wadudu. Sisi tukilitamka linakuwa dumu, chombo cha maji, na pia ni kule kudumu tunakowaombea maharusi. Kopo la maangamizi, jina la maisha marefu! Afrika Kusini, Novemba 2016, mhubiri mmoja wa Limpopo aliwapulizia waumini wake Doom usoni akidai inaponya. Watengenezaji walilazimika kutangaza kwamba hiyo ni ya wadudu, si ya binadamu.

Sisi wenyewe tulipopewa nafasi ya kutaja vitu hivi tulichagua majina ya vita. Dawa ya kutia kwenye chandarua iliitwa Ngao, na ya kupulizia ikaitwa Rungu. Kwa hiyo mtu wa Rungwe angeweza kulala na Ngao kitandani na Rungu chini ya mto, asiwe na ugomvi na jirani yeyote.

Lakini neno linaloongoza kwa kubeba mizigo ni dawa. Kuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya nywele, dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya ng'ombe, dawa ya viazi, na ile ya kikohozi ambayo ndiyo mwenye jina. Ya viatu wengi tunaiita kiwi tu, hata kama kopo lina jina jingine. Kiwi ilianzia Australia mwaka 1906, na mwenye kiwanda aliipa jina la ndege wa New Zealand, nchi ya mke wake. Mtoto mmoja wa shule pale mjini aliniapia kwamba inatengenezwa Kiwira. Sikumbishia, maana tope la Kiwira linaifanya ihitajike kuliko mahali pengi.

Baada ya dawa yanafuata mafuta. Sema sokoni Tukuyu kwamba mafuta yamepanda bei, kisha tazama nyuso. Bodaboda anawaza petroli na tangazo la EWURA la Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mama lishe anawaza kikaango. Bibi anayeishi mbali na nguzo za umeme anawaza kibatari. Msichana wa saluni anawaza ya kujipaka, na mlokole anawaza ya upako. Wote wanasikitika pamoja, kila mtu na chupa yake.

Rungwe wana mafuta mengine ambayo mtu wa pwani huenda hajayasikia: mafuta ya kukamulia. Ni ya mgando, anayapaka mkamuaji ili chuchu za ng'ombe zisichubuke. Sasa Juni na Julai baridi ya huku inapasua visigino na midomo, na mgeni akiona kopo kubwa la mafuta ya mgando kwa bei ndogo, ananunua. Nimemwona dada mmoja akiyasifia mbele za watu, jinsi yalivyomlainisha mikono, mpaka mzee mmoja akamwomba aligeuze kopo atazame picha upande wa pili. Akaiona ng'ombe. Alichosema ni kwamba ng'ombe mwenyewe anaonekana ana ngozi nzuri.

Kufuli je? Kwa mvua hii kufuli la geti halimalizi msimu bila kutu, na wengi hulitilia mafuta ya kula. Linafunguka siku hiyo, kisha mafuta yanaganda, yanashika vumbi, na wiki ya pili ufunguo hauingii kabisa. Fundi pikipiki mmoja wa stendi ana kopo la WD-40, analiita dawa ya kutu, na kupuliza mara moja unamlipa. Herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza ya kufukuza maji, na 40 ni jaribio la arobaini lililofanikiwa huko San Diego, Marekani, mwaka 1953. Kitu kilichobuniwa kufukuza maji kingestahili kuzaliwa Tukuyu.

Mpaka hapo tunacheka. Kule Isongole nilisimuliwa habari ambayo mwanzo wake nao unachekesha. Viazi vya ukanda huu wa baridi na ukungu wa asubuhi vinasumbuliwa sana na ugonjwa wa ukungu wa majani, na wakati wa mvua mkulima anabeba bomba mgongoni kila baada ya siku chache. Baba mmoja alichanganya dawa ya ukungu na ya wadudu, akapuliza, ikabaki kidogo. Akaimimina kwenye chupa ya soda, akaiweka dirishani.

Mjukuu wa miaka sita akatoka kucheza na kiu yake. Baadaye bibi akamkuta amekaa kimya, akamuuliza, "Umekula nini, mjukuu wangu?" Mtoto akajibu, "Nimekunywa dawa." Wiki ile alikuwa na mafua, na bibi alikuwa akimbembeleza kila siku anywe dawa. Akamwambia, "Vizuri sana, baba." Akaendelea kumenya ndizi.

Ni mate yaliyomshtua, yalikuwa yanamtoka mtoto bila kukoma, na jasho katika baridi ile. Jirani mmoja alitaka wamtapishe kwa maziwa na mafuta ya kula, mwingine akakataza. Aliyekataza alikuwa sahihi: kumtapisha mtu aliyekunywa sumu kunaweza kuipeleka kwenye mapafu, na kwa mafuta ya taa hatari hiyo ni kubwa zaidi. Wakapanda bodaboda na ile chupa ya soda. Hospitalini daktari akauliza, "Dawa gani?" Chupa haikuwa na la kujibu. Ikabidi bodaboda arudi mbio shambani kutafuta makopo yenye lebo, na kwenye lebo ndiko lilikokuwa jina. Mtoto alipona baada ya siku kadhaa za kulazwa.

Bwana shamba mmoja aliniambia hapendi kabisa kusikia watu wakiita vitu hivyo dawa. Serikalini jina lake ni viuatilifu, na mamlaka inayovisajili ipo Arusha. Neno hilo halijafika Isongole, na mimi sidhani litafika upesi, kwa kuwa ni refu na bomba ni zito. Kilichofika ni mistari ya rangi iliyo chini ya lebo, nyekundu ikiwa ndiyo kali zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Hata asiyejua kusoma anaijua nyekundu. Ukiimimina kwenye chupa ya soda, rangi hiyo unaiacha shambani.

Kwa yule bibi makopo sasa yapo kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, nyuma ya banda la ng'ombe, na dirishani kuna maua. Nilipoaga, mjukuu alikuja mbio kuomba hela, ametumwa dukani mafuta. Bibi alishika noti asiiachie.

"Ya nini?"

"Ya kupikia, bibi."

"Na ukifika dukani utasemaje?"

"Mafuta ya kupikia."

Ndipo akaiachia.