Kilomita Laki Nne na Ushei: Kutoka Mombasa hadi Malindi na Gari la Marehemu



Baina ya kisiwa cha Mombasa na mji wa Malindi pana masafa ya kilomita zipatazo 120, na msafiri huvuka maji mara tatu: Nyali, Mtwapa na Kilifi. Wazee wetu waliifanya safari hii kwa subira. Nyali palikuwa na daraja la kuelea lililofunguliwa mwaka 1931. Mtwapa palikuwa na pantoni ya kuvutwa kwa mikono, wavutaji wakiimba. Na Kilifi watu walingoja feri hadi daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1991. Daraja la Nyali tunalolitumia leo ni la mwaka 1980. Sasa safari hiyo ni ya saa mbili au tatu, kwa kadiri ya msongamano wa Mtwapa.

Wiki chache zilizopita tuliipita njia hii ndani ya gari lenye umri kuliko wengi wa vijana wetu. Lilikuwa Mercedes-Benz 230E la mwaka 1988, la umbo ambalo mafundi huliita W124. Mita yake ilisoma kilomita 412,000 na ushei. Twaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, magari ya namna hii yamo katika nyua nyingi za pwani yetu, yameachwa na baba au babu, na wenye nyumba hawajui wayatunze au wayauze. Pili, gari hili lilikuwa na mayatima ndani ya thamani yake.

Marehemu mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mdogo wa Mji wa Kale. Aliacha mke, mama mzazi aliyeko Malindi, na watoto wawili, mwana na binti, ambao hawajabaleghe. Deni likishalipwa na wasia ukishatekelezwa, mke katika hali hiyo ana thumni, mama ana sudusi, na kinachosalia ni cha watoto, mwana mafungu mawili na binti fungu moja. Bidhaa za duka zilihesabiwa bila taabu. Gari ndilo lililoleta mjadala.

Alikuja dalali akataja bei mbili. Bei ya kwanza, alinunue kama lilivyo. Bei ya pili, ambayo ilikaribia kuwa maradufu, mita irudishwe nyuma isome kilomita 160,000 kisha liuzwe kwa mtu mwingine. "Kila mtu afanya," akasema, "na hawa ni mayatima, wasaidieni." Mjane hakumjibu. Alimwita kaka yake, wakatujia, wakasema kwamba mama mkwe naye ni mrithi na hawezi kusafiri, basi hawakutaka neno lipitishwe nyuma yake. Wakatuomba tufuatane nao hadi Malindi.

Kabla ya kuondoka ilibidi gari lifufuliwe. Mjane alikaa eda yake miezi minne na siku kumi, na muda wote huo gari lilisimama uani bila kuwashwa, hatua chache kutoka baharini. Watu hudhani gari lisipotembea hupumzika. Fundi alituonyesha kinyume chake. Betri ilikufa. Petroli ya zamani ilikuwa imeharibika, akaitoa yote. Matairi yalikuwa yamebonyea upande mmoja kwa kubeba uzito mahali pamoja. Disiki za breki zilishika kutu. Akafundisha jambo ambalo kila mama mwenye gari alijue: ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hilo hata likiwa na meno mazuri, mpira wake umechoka. Matairi mawili ya nyuma yalikuwa ya umri huo, akayabadilisha kabla hatujatia mguu ndani.

Tukaondoka alfajiri ya Jumamosi. Fundi alishika usukani, sisi tukakaa mbele, na nyuma wakakaa mjane, kaka yake na binti. Mtwapa tulikuta magari yamesongamana, na hapo gari zee hupata mtihani wake mkubwa kuliko mwendo wa kasi, kwa maana injini huchemka na upepo haupo. Fundi hakuacha kutazama dashibodi. Alitwambia kuwa mshale wa joto ukizunguka nyuzi 80 na 90 na ushei hakuna neno, ila ukizidi kupanda bila kusimama, weka gari kando na uzime injini, usiseme "nafika hapo tu". Mshale wa nguvu ya oili nao una lugha yake. Injini ikiwa moto na gari limesimama, hushuka. Si hofu, maadamu ukikanyaga mafuta unapanda papo hapo.

Kisha akasema neno linalotuhusu sisi watu wa pwani zaidi kuliko watu wa bara. Nyumba zetu nyingi hutumia maji ya kisima, na maji hayo yana chumvi. Mtoto huambiwa ajaze rejeta, naye huchota ndoo uani. Kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu, na chumvi huila aluminiamu taratibu, ndani kwa ndani, hadi siku gasketi inapoungua na maji kuingia kwenye oili. Magari mengi yaliyosemwa kuwa "yamezeeka" yaliuawa kwa ndoo hiyo. Panafaa maji safi yasiyo na chumvi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta, na yabadilishwe kila baada ya miaka michache hata kama hayajapungua.

Tulipopita mashamba ya mkonge ya Vipingo barabara ilifunguka na gari likatulia. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini watu huyapenda magari haya. Lilikwenda kama lililotandikiwa zulia. Kaka wa mjane akauliza: kweli injini yaweza kwenda kilomita laki nne? Fundi akacheka. Yuko dereva wa teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, ambaye Mercedes-Benz yake 240D ya mwaka 1976 ilifikisha kilomita zipatazo milioni 4.6, na mwaka 2004 ikapelekwa katika makumbusho ya kampuni. Lakini fundi hakuisimulia habari hiyo ili kutufurahisha. "Injini yake ilitolewa ikatiwa nyingine mara kadhaa," akasema. "Gari halidumu kwa kuachwa lilivyo. Ladumu kwa kubadilishwa kidogo kidogo na mtu asiyechoka."

Tulisimama Kilifi ng'ambo ya daraja, tukanywa chai, na mjane akatoa daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada lake limefunikwa kwa gazeti. Marehemu aliandika humo kila alichokifanya: tarehe, kilomita, kifaa, na pesa alizotoa. Oili ya injini na chujio lake kila kilomita 5,000. Oili ya gea kila kilomita 50,000, naye fundi akasema wengi huisahau oili hiyo hadi gea zinapoanza kugonga. Mafuta ya breki kila miaka miwili, kwani huvuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ni ya unyevu. Raba ya kuungia shafti ilibadilishwa kilomita 301,000. Bushi na boljointi za mbele, mara tatu. Rejeta mpya, mara moja. Mnyororo wa injini ulikaguliwa aliposikia mlio wa asubuhi kabla oili haijapanda.

Fundi alilisoma kurasa hadi kurasa kama mtu asomaye barua ya rafiki. Alipolifunga alisema: "Gari kubwa likishuka bei, watu hudhani gharama yake nayo imeshuka. Gari hili laweza kununuliwa kwa bei ya gari dogo, lakini vipuri vyake vingali vipuri vya gari la tajiri. Bei ya gari huzeeka. Bei ya vipuri haizeeki. Huyu marehemu aliijua hesabu hiyo, akailipa kila mwezi kidogo kidogo."

Kutoka Kilifi tukaupita msitu wa Arabuko-Sokoke hadi Gede, na kwa kuwa binti alikuwa hajaingia magofuni tukampa nusu saa. Wasomaji wengi mwapajua: msikiti wa Ijumaa, kasri, visima, na kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wake walihama karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wachimbuzi ni maji ya visima kushuka. Binti alichungulia kisima kikavu, akauliza kama nacho kilikuwa na chumvi. Tukajua kuwa alikuwa akimsikiliza fundi njia nzima.

Malindi tulifika kabla ya adhuhuri. Bi mkubwa alikuwa amekaa barazani akitungoja. Alilitazama gari la mwanawe kwa muda mrefu kabla ya kutukaribisha. Baada ya chakula na sala, kaka wa mjane alimweleza bei mbili za dalali bila kuficha. Bi mkubwa akauliza:

"Hiyo ziada, mwanangu, itatoka mfuko wa nani?"

"Wa atakayelinunua, mama."

"Na huyo hana watoto?"

Hakuna aliyesema neno. Nasi tukakumbusha habari ya Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji ndani, na juu pakavu, akamtaka mwenye nafaka aweke ule umaji juu watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Mita iliyorudishwa ni umaji uliofichwa chini. Na madhara yake si ya pesa tu. Anayeambiwa kilomita 160,000 hatakagua mnyororo, wala bushi, wala raba ya shafti. Atampakia mkewe na wanawe akaenda nao kasi ya gari changa juu ya viungo vya gari zee.

Hapa tuwape wasomaji faida ya fundi. Katika magari haya mita huweza hata kusimama yenyewe, kigurudumu chake cha meno kikikatika au kuteleza, mshale wa mwendo ukaendelea kama kawaida. Basi msinunue namba. Tazameni raba za kukanyagia, zimelika kiasi gani. Tazameni usukani na kiti cha dereva. Inamieni mtazame matundu ya jeki chini ya milango, nyuma ya mudigadi, na chini ya betri, kwani hapo ndipo kutu ya pwani huanzia. Kisha ombeni daftari. Asiye na daftari wala risiti, mpeni bei ya asiye na ushahidi.

Jambo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Mjane alisema kwa haya kwamba asingependa liuzwe. Angelichukua yeye katika fungu lake, apate kuwaleta watoto kwa bibi yao. Wote walifurahi, nasi tukasema ngojeni. Mama akilichukua kwa bei ya chini, watoto wake mwenyewe wamepunjwa, na wao hawana ulimi wa kudai. Huruma kwa mjane haiwezi kulipwa kwa mali ya yatima. Tukashauri litathminiwe na mafundi wawili wasio jamaa, kila mmoja peke yake, kwa kilomita zake za kweli na daftari likiwa mezani. Bi mkubwa akaridhia, na mjane akaridhia kabla yake.

Tathmini ilifanyika Mombasa wiki iliyofuata. Bei ilitoka juu kidogo ya ile ya kwanza ya dalali, kwa sababu dalali hakulihesabu daftari, na mbali sana chini ya ile ya pili. Mafundi walitaja pia upungufu: mountingi za injini zimelala, kutu imeanza tundu moja la jeki, na shokomzoba za nyuma hazina muda mrefu. Thamani hiyo ikakatwa katika thumni ya mjane, mafungu ya watoto yakawekwa mahali pao, na gari likaandikishwa kwa jina lake. Tulimwambia na tunawaambia wengine: kila mwezi atenge kiasi cha vipuri kama anavyotenga cha unga na karo. Siku atakapoona gari lakula chakula cha watoto, aliuze kwa uwazi, na asione vibaya. Kulitunza gari la marehemu ni jambo jema. Kulifanyia israfu kwa sababu lilikuwa lake si jambo jema.

Daftari lingali ndani ya gari, katika mfuko wa mlango. Mstari wa mwisho una mwandiko mwingine: tarehe, kilomita 412,290, oili na chujio, matairi mawili, na jumla ya pesa.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, awalee watoto wake kwa kheri, na azibariki mali tunazorithiana. Wabillahi tawfiq.