Miaka Miwili ya Mwanzo ya Sekondari



Mimi ni mvuvi wa Bangwe, karibu na mji wa Kigoma, mahali ambapo asubuhi ya hewa safi mtu huiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Sikuchukua kalamu kwa kuwa nina elimu nyingi. Nilisoma chuoni, nikamaliza darasa la saba, kisha nikashika kasia. Naandika kwa sababu wanangu wawili wamepita katika mlango mmoja kwa nyakati mbalimbali. Yule wa kwanza nilimfungia mlango huo kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikujua kuwa ni mlango.

Kijana wangu mkubwa aliingia kidato cha kwanza mwaka 2014. Nyumbani palikuwa na furaha kubwa; tukasoma dua, tukala wali, majirani wakaja kutupa mkono. Baada ya hapo mimi nikarejea katika shughuli zangu, kana kwamba shule ni jahazi ambalo ukishampandisha mtoto litamfikisha lenyewe bandarini.

Wanaoijua kazi yetu wanajua kuwa sisi huvua kwa giza. Mwezi ukiwa haupo, au ukiwa mwembamba, tunaweka taa juu ya maji, nao dagaa na migebuka huifuata nuru. Mwezi ukijaa, taa haina nguvu tena, na mitumbwi hupumzika mchangani. Basi kila giza lilipoingia nilimchukua kijana akanisaidie kushika taa na kuvuta wavu. Nilijiambia kuwa ni siku chache tu. Lakini siku hizo chache hazikupungua kumi na tano katika kila mwezi, na mtoto aliyekesha ziwani hata alfajiri hana la kufanya darasani ila kusinzia. Mwalimu mmoja aliniletea salamu kuwa mtoto analala. Nikamjibu kwa salamu vilevile kuwa huyo ndiye anayetafuta pesa ya madaftari. Nilidhani nimesema neno la busara.

Mwishoni mwa kidato cha pili alinijia ufukweni asubuhi moja, nami nalishona jarife. Akasema, "Shikamoo Baba. Tumeambiwa tuchague masomo ya kidato cha tatu." Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Marahaba. Chagua yaliyo mepesi, upate kufaulu." Akaacha Fizikia na Kemia. Mazungumzo yetu yale hayakufika dakika moja, na mimi niliyasahau kabla ya adhuhuri.

Mwaka 2017 akamaliza kidato cha nne, akapata cheti chake. Ndipo akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunitamkia: alitamani kuwa tabibu. Akaenda kuulizia masomo ya stashahada ya utabibu, akaelezwa kuwa hutakiwa kufaulu Kemia, Biolojia na Fizikia. Yeye alikuwa na Biolojia peke yake. Akarudi nyumbani, akavua viatu vyake mlangoni, akaniamkia kwa adabu, akakaa. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu.

Wazazi wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani kuwa sekondari ni kidato cha nne, na kwamba miaka miwili ya mwanzo ni ya kuzoea tu sare na njia ya kwendea shule. Mambo sivyo yalivyo. Kwa mtaala waliousoma wanangu, Fizikia na Kemia yalikuwa ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, kisha mwanafunzi akawa na hiari ya kuyaacha. Mwezi wa Novemba wa mwaka wa pili huwa kuna upimaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania. Alama 30 ndipo inapoanza D, na 45 ndipo inapoanza C. Kwa matokeo hayo mtoto huambiwa, au hujiambia mwenyewe, "Hili nitaliweza, lile sitaliweza." Basi huko mbele, anapokwenda kuomba chuo, huwa anapokea tu majibu ya jambo alilolikata akiwa na umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Na aghalabu hulikata peke yake, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyemwuliza.

Binti yangu aliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na ningali mtu yuleyule wa mwaka 2014, niwe mkweli. Kilichonibadilisha hakikuwa akili yangu. Mwaka ule uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili, nazo ni Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Miezi mitatu mvuvi hana ziwa! Wengine walikwenda kulima, wengine walikaa barazani wakinung'unika, na mimi nilikuwa miongoni mwa wanung'unikaji. Usiku mmoja, kwa kukosa kazi, nikafunua madaftari ya binti yangu.

Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Daftari la Fizikia lilijaa Kiingereza kilichopangwa safu kwa safu, pamoja na michoro. Nikamwomba anisomee, akanisomea kwa sauti ya fasaha maneno yanayohusu vitu vinavyoelea majini. Nikamwuliza, "Maana yake nini, mwanangu?" Akanyamaza. Nikamwuliza tena, akasema, "Ndivyo alivyoandika mwalimu ubaoni, Baba." Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kwa mwezi mmoja lugha yote ya darasani imegeuzwa, hakuwa mvivu, bali alikuwa akinakili bahari asiyoweza kuiogelea.

Jambo hili sisi tuliosoma chuoni tulipaswa kulitambua upesi kuliko watu wengine. Tulihifadhi juzuu ya Amma kabla ya kujua maana ya aya moja. Maana ilikuja baadaye, kwa maalim aliyekaa nasi akatufasiria neno baada ya neno, wala hakuna aliyedhani kuwa kuhifadhi peke yake ndiko kuelewa. Nikamwambia binti yangu tufanye vivyo hivyo. Kila siku aliandika maneno kumi ya Kiingereza ya masomo yake, na mbele ya kila neno maana yake kwa Kiswahili. Neno asilolijua alimwuliza mwalimu kesho yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwuliza kutoka upande wa Kiswahili, maana upande wa pili siujui.

Na lile somo la kuelea tulikwenda kulisoma mahali pake. Tulishusha mtumbwi mdogo majini, tukatia alama ya mkaa pale maji yalipofika ubavuni, kisha tukaanza kupakia mawe. Kila tulipoongeza mawe mtumbwi ulizidi kuzama, nayo maji yaliyosukumwa yakazidi. Alisimama kimya na maji yamemfika magotini, kisha akapaza sauti: "Kumbe ndilo hili, Baba! Maji yanayosukumwa yana uzito sawasawa na mtumbwi pamoja na mawe yake." Miaka zaidi ya thelathini nimepakia mizigo kwa kukisia kwa jicho, na siku ile mtoto wa kidato cha kwanza alinipa sheria ya kazi yangu. Akaniambia na jina la mwenye sheria, Archimedes, mtu wa zamani sana wa Ugiriki.

Lililokuwa zito zaidi lilikuwa la saa zake. Nilipokaa nyumbani ndipo nilipoona kuwa binti anarudi shuleni, anateka maji, anaosha vyombo, anasonga ugali, anawalaza wadogo zake, na daftari analishika saa nne ya usiku. Wadogo zake wa kiume wakati huo wamekwisha kucheza mpira, wamekula, wamelala. Nilipomwambia mama watoto kuwa kazi hizi zigawanywe, aliniuliza kwa haki kabisa, "Na wewe utashika ipi?" Swali hilo sikulitazamia. Mwishowe wavulana walipewa maji na vyombo, wakalalamika juma zima, kisha wakazoea. Mimi kwa muda ule nilishika jiko asubuhi, na watu wa nyumbani wanajua ugali wangu ulivyokuwa.

Kuhusu madrasa palikuwa na mashauri. Ilikuwa baada ya alasiri, wakati uleule ambao shule ilianzisha masomo ya ziada. Jamaa mmoja alinishauri nimwondoe binti madrasa mpaka amalize mitihani. Mwingine akanishauri niache yale masomo ya ziada. Nilikwenda kwa maalim mwenyewe, nikamweleza. Akasema amlete Jumamosi na Jumapili asubuhi, na siku nyingine asome nyumbani baada ya Magharibi. Ugomvi niliousikia kwa watu kwa miaka mingi ulimalizika kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Na hapa niseme neno ambalo baadhi ya ndugu hawalipendi. Somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu hufanyiwa mtihani, na ni vema watoto wetu walifanye kwa bidii. Lakini kwa miaka ya karibuni, kuingia kidato cha tano katika shule za serikali kumetaka angalau C tatu katika masomo yasiyo ya dini, na vyuo vya utabibu navyo huhesabu masomo yasiyo ya dini. Mzazi anayemhesabia mwanawe alama ya Dini ili kuziba pengo la Hisabati anajidanganya. Thamani ya somo lile iko kwingine, na ni kubwa zaidi.

Fedha sitaisemea sana. Ada katika shule za serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016, lakini sare, madaftari na chakula havikuondolewa. Sisi tulianza kuweka fungu la shule kila giza linapomalizika, kabla pesa haijapita madukani. Lilikuwa fungu dogo, na mara mbili tulilivunja kwa maradhi.

Wale walioingia baada ya binti yangu wana mambo mapya. Tangu mwaka 2024 mitaala mipya imeanza kuingia hatua kwa hatua, na sekondari ina mkondo wa elimu ya jumla na mkondo wa amali. Basi mzazi asingoje mwisho wa mwaka wa pili. Siku ya kwanza ya kumpeleka mtoto amwulize mkuu wa shule: hapa masomo huchaguliwa lini, na yapi yana mwalimu? Swali hilo la pili lina uzito wake, kwani somo lisilo na mwalimu haliwi jepesi kwa dua za wazazi.

Binti yangu alifanya upimaji wake Novemba 2025. Matokeo yalipotoka, Biolojia alipata B, Kemia C, Fizikia D. Kukaa kimya mbele ya ile D kulinigharimu. Ulimi ulikuwa tayari kusema lile neno langu la zamani. Nikauma ulimi, nikamwuliza, "Wewe wataka nini?" Akasema hajui, anaipenda Fizikia lakini anaiogopa.

Jioni akamwendea kaka yake. Yeye siku hizi ni fundi wa mashine za mitumbwi, ana mke na watoto wawili, na hujipatia riziki ya halali. Nilikuwa ukumbini, nikawasikia. Alimfungulia mashine iliyokuwa mbele yake, akamwonyesha njia ya mafuta na cheche inapozaliwa, akamwambia, "Hii yote ni Fizikia. Nimeijua kwa kuungua vidole. Mimi niliiacha kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, wewe umeulizwa." Kisha wakakaa kimya muda mrefu, mpaka ikaadhiniwa Isha.

Asubuhi alikwenda shuleni akaandika masomo yote matatu. Nikamtafutia mwalimu wa kumsaidia siku za Jumamosi, na usiku ilihitajika taa nzuri, kwani umeme wetu hukatika. Taa bora zilizokuwa nyumbani ni zile za kuvulia. Giza lililofuata nilitoka ziwani na taa pungufu moja.