Kabla ya Maabara Kuna Korona

Utoto wangu ulikuwa wa Handeni: mahindi yanayongoja mvua, shule ya mbali, na baba aliyekuwa akihesabiwa kipande katika shamba la mkonge. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967 na mashamba mengi kutaifishwa, nilikuwa mdogo mno kuelewa kwa nini wakubwa walikesha wakizungumza. Nilipomaliza darasa la saba nilikwenda kwa mjomba Korogwe, nikaingizwa banda la brashi, ambako nyuzi za mkonge, yaani singa, husafishwa kwa mashine na kupangwa. Nchi ilikuwa imezalisha tani 230,000 hivi za singa mwaka 1964. Mimi naishika singa mara ya kwanza, kamba za polipropilini zilikuwa zimekwisha kutuingilia sokoni, na miaka ya 1990 ikielekea ukingoni tulikuwa tumebaki na tani 20,000 hivi. Sasa nimestaafu. Naandika kwa sababu nawasikia vijana wa maabara wakiizungumzia singa kana kwamba imezaliwa katika chupa zao.

Aliyenifundisha ni mzee wa Kiha, aliyetoka Kigoma akiwa manamba na kuzeekea kwenye mashamba ya upande wa Ngombezi. Kazi yake ilikuwa kupanga madaraja. Angeivuta singa kati ya vidole, akaitazama juani, akasema: hii ya kwanza, hii 3L, hii UG. Alikuwa na sheria moja ambayo hakumwachia mtu yeyote aivunje, hata meneja: jani lililokatwa leo lipite leo korona, mashine inayokwangua nyama ya jani na kuacha singa. Likilala, utomvu hukauka, nyama ya jani hung'ang'ania, na singa hutoka na rangi ya kahawia. Singa mbichi ikirundikwa badala ya kuanikwa kwenye waya, kuvu na bakteria huanza kuila.

"Mwanangu," aliniambia, "weupe wa singa unatoka nao shambani. Brashi haiwezi kuuongeza."

Vilevile alikuwa mkali kwa madoa. Chotara namba 11648, aliyezalishwa na watafiti wetu wa mkonge hapa Tanga, alitupa majani mengi kuliko mkonge wa zamani, lakini ndiye aliyeshambuliwa na ugonjwa wa madoa ya majani ambao wataalamu duniani wanauita kwa jina la Korogwe. Jani lenye madoa Mzee alilitenga kabla halijafika mashineni. Wengine walimwona mchoyo wa kazi. Mimi nilimwona mtu anayejua kilichomo ndani ya jani, ingawa hakuwahi kukiona kwa darubini.

Kilichomo ndani, nilikuja kuelezwa baadaye, ndicho hiki. Kwenye utando wa kila seli kuna mitambo midogo ya protini yenye umbo la ua la petali sita. Kila mtambo hufuma minyororo ya glukosi, na minyororo hiyo hujipanga na kuganda kuwa uzi wa selulosi wenye upana wa nanomita tatu au nne tu. Nyuzi hizo hukusanyika kuwa nene zaidi, na zile nene nazo hukusanyika, jinsi kamba inavyosokotwa, mpaka ipatikane singa unayoweza kuivuta kwa mkono. Mwaka 2006 watafiti waliokuwa Ufaransa, akiwemo Alain Dufresne, walichapisha kazi kuhusu vijiti vya selulosi walivyovitenga kutoka kwenye mkonge: urefu wa wastani nanomita 250, upana nanomita 4. Kule Japani, Masaya Nogi na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba nyuzi za aina hii, zilizotoka kwenye miti, zinaweza kufanywa karatasi inayopitisha mwanga, ya kubebea saketi. Mwaka 2015 timu ya Zhenqiang Ma huko Wisconsin, Marekani, ilijenga chipu juu ya tabaka la selulosi ya miti.

Habari hizo zilipofika kwetu, kikundi kimoja cha watafiti kilikuja kutafuta singa ya majaribio. Niliwatengea daraja la kwanza. Bei wakaiona kubwa, wakachukua mafagio, yaani mabaki yanayoanguka chini ya brashi, yaliyolala sakafuni msimu mzima. Baadaye taarifa yao ikasema mkonge wa Korogwe una majivu mengi na minyororo mifupi, haufai kwa elektroniki.

Nilibishana nao, na bado nabisha. Kijana wao aliniambia kwa upole, "Mzee, asidi inasafisha kila kitu." Sikubali. Asidi ya salfa huondoa sehemu legevu za selulosi na kuacha fuwele, lakini mchanga wa sakafuni haiuyeyushi. Chembe ya mchanga katika tabaka jembamba hufanya kinundu, na saketi iliyochapwa juu yake inaweza kukatika. Chumvi za madini zikibaki, tabaka linalotakiwa kuzuia umeme huupitisha likipata unyevu. Na minyororo iliyokwisha kukatwa na bakteria bandani, hakuna dawa katika maabara yao itakayoirefusha tena.

Vijana wangu, nawaambia kwa uchungu: ninyi hamuoteshi nyuzi hizi. Zinaoteshwa na jua, ardhi na mmea unaongoja takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Ninyi mnazifungua tu. Singa yenyewe ni kama asilimia nne ya uzito wa jani, na hata masalia yamekwisha kuzalisha umeme wa biogesi pale Hale. Basi njooni mkae siku nzima kwenye korona kabla ya kuandika kwamba mkonge wetu ni mbaya. Na mkitaka singa ya nanomita, mlipeni mkataji na mwanikaji bei ya kazi hiyo, si bei ya mafagio.

Kabla sijaondoka kazini niliwaandalia fungu la pili: majani yasiyo na doa, korona siku ileile, maji safi, waya, brashi, halafu mfuko moja kwa moja bila kugusa sakafu. Kijana yule aliniletea kipande cha tabaka walilolitengeneza, chembamba, kinachopitisha mwanga, akakiri kuwa majivu yameshuka sana. Nimemwomba aandike hivyo. Taarifa ya kwanza ingali inasomwa, na ya pili haijatoka.