Kidimbwi Kifuate Mteremko

Ukiwatajia watu wa Rongai kidimbwi cha kuogelea, wengi hufikiria hoteli: shimo la pembe nne, vigae vya samawati na mlinzi langoni. Mimi nasema hicho sicho tunachohitaji.

Sisi vijana hujifunzia kuogelea katika mto Molo. Mto huu hutoka msitu wa Mau ukaenda hadi Ziwa Baringo. Mvua ikinyesha huko juu, hapa kwetu jua linawaka na maji ya matope yanakuja ghafla. Mdogo wangu ana miaka 9 na hakataziki. Basi kwangu jambo hili si mzaha, bwana.

Hebu nenda Olkaria, karibu na Naivasha, katika kaunti yetu hii hii. Mwaka wa 2013 kampuni ya KenGen ilifungua kidimbwi ambacho maji yake hutoka visima vya mvuke. Kwa kuwa ni moto mno, hupozwa kwanza katika vidimbwi vingine, ndipo yafike pa kuogelea. Silika iliyomo huyapa rangi ya samawati, hata vigae havihitajiki! Lakini kuingia ni kulipa, na hapo mtoto wa mkulima hubaki nje.

Na Rongai je? Watazame wakulima wetu: matuta yao hayashindani na mteremko, huufuata. Kidimbwi nacho kiwe kirefu, kipinde kama tuta. Maji yaje kwa mfereji, bila pampu, yapite kwanza kwenye matete yachujwe, kama walivyoanza kufanya Austria miaka ya 1980. Upande mmoja yafike magotini, mwingine kifuani. Yanayotoka yaende mashambani.

Nilipomweleza baba, aliniuliza neno moja tu: "Na Solai?" Nikanyamaza. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, watu zaidi ya 40 wakafa. Tangu hapo, maji yaliyo juu ya nyumba za watu hatuyaamini, na ni haki yetu. Ndiyo maana nasema kichimbwe ardhini, kisizuiliwe kwa ukuta wa udongo, na kiwe chini ya nyumba.

Baba akasema nimchoree. Nimechora mara mbili. Mchoro wa pili ameuweka ndani ya Biblia yake, na mdogo wangu bado anakwenda mtoni.